Jeli ya mapera Bukavu: usingoje nyuzi 105

Karatasi nyingi za mafunzo zinasema jeli ichemshwe mpaka ifike nyuzi 105. Kipimo hicho ni cha watu wa pwani, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Bukavu tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yanatokota kwa nyuzi 95 tu. Jeli inakuwa tayari inapopita pale maji yanapochemkia kwa nyuzi 4 au 5. Kwetu basi ni 99 au 100, basi. Mama anayengoja 105 anamaliza makaa bure: sukari inageuka kahawia, pektini inayogandisha jeli inavunjika, na harufu ya pera inakwenda na mvuke.

Chovya kipimajoto kwanza katika maji matupu yanayotokota, soma namba, ongeza 4 na nusu. Kama huna, chota jeli kwa kijiko baridi, kiinue pembeni mwa mvuke, ukiinamishe. Mwanzoni inadondoka upesi kama maji. Baadaye matone mawili yanasogeleana ukingoni, yanaungana, yanakatika pamoja. Hapo epua sufuria, hata kama jirani anakuambia bado nyepesi, itaganda ikipoa.

Mapera yaliyolainika ya jioni pale soko la Kadutu yana bei nzuri, lakini pektini yake imepungua. Yapeleke kwenye juisi. Kwa jeli chukua yaliyoiva yakiwa bado magumu kidogo, uchanganye na robo ya yale yanayoanza tu kugeuka njano. Chuja maji yake kwa kitambaa kinachoning'inia, usikikamue, maana ukikamua jeli haiwi angavu. Maji ya marakuja (pasheni) na ya nanasi la kisiwa cha Idjwi yana pektini kidogo, kwa hiyo yachanganye na ya mapera.

Ili kujua kiasi cha sukari, tia kijiko kimoja cha maji ya matunda yaliyopoa katika vijiko vitatu vya alkoholi ya duka la dawa. Likitokea donge moja, weka kilo ya sukari kwa lita. Yakitokea mapande madogomadogo, gramu 750 zinatosha. Usionje mchanganyiko huo, umwage. Ongeza maji ya ndimu moja au mbili kwa lita ya maji ya matunda, upike lita mbili tu kwa mara moja, katika sufuria pana ya inoksi (chuma kisichoshika kutu) na moto mkali.

Jaza bokali safi (chupa ya mdomo mpana) jeli ikiwa bado moto sana, funga, na usiisogeze mpaka igande. Bokali ikitikiswa mapema, au ndimu ikizidi, jeli inatoa maji juu. Chembe za sukari zikionekana, ujue sukari ilizidi au haikuyeyuka vizuri.

Usipange bokali kwenye rafu iliyo juu ya mbabula (jiko la makaa) wala dirishani. Joto na mwanga ndivyo vinavyofifisha rangi na kuua vitamini C. Baridi ya Bukavu inatusaidia sana hapo. Mzigo wa Uvira ni habari nyingine: kule chini kando ya ziwa Tanganyika kuna joto, jeli inazeeka upesi, kwa hiyo peleka kidogo kidogo na uandike tarehe ya kupika. Bokali iliyoota ukungu itupwe yote. Kukwangua juu hakutoshi. Na kwa wateja wasio na friji, uza bokali ndogo za gramu 250.