Kabla ya Kumwogesha Mtoto wa Mbwa Mwoga: Mambo ya Kuzingatia kwa Wakazi wa Malindi

Kumwogesha mtoto wa mbwa ni kazi ya muda mfupi, lakini kumwandaa hadi aikubali kazi hiyo huweza kuchukua majuma kadhaa, na wengi wetu huyaruka majuma hayo tukaanza na maji. Mbwa mchanga anayekamatwa kwa nguvu mara ya kwanza, akatiwa ndani ya karai na kumwagiwa maji kichwani, hujifunza kuliogopa karai lenyewe, na woga huo hukua pamoja naye mpaka siku atakapokuwa na nguvu za kumtoroka mtu mzima na meno ya kumzuia asimsogelee. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu siku za kabla ya maji.

La kwanza kuangaliwa ni umri. Mbwa hupokea mambo mageni kwa wepesi zaidi tangu wiki ya 3 hadi wiki ya 12 au 14 hivi ya maisha yake, na baada ya hapo mlango haufungwi, ila kazi huwa ndefu zaidi. Hata hivyo, aliye chini ya wiki 8 hawezi kulihifadhi vyema joto la mwili wake, kwa hivyo akichafuka afutwe tu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa papo hapo. Chanjo zake za mwanzo hutolewa akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16, na ile ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huanza akiwa na miezi 3. Kabla ya kuzikamilisha asipelekwe ufuoni wala mahali wanapokusanyika mbwa wasiojulikana, kwa kuwa virusi vya parvo, vinavyoleta ugonjwa mkali wa kuharisha, hutoka katika kinyesi cha mbwa mgonjwa na huweza kuishi mchangani kwa miezi mingi. Kuogea nyumbani hakuna dhara kwa mbwa mzima wa afya, ingawa ni busara kumwacha apumzike siku aliyochomwa sindano.

Baada ya umri ni mikono, na hapa ndipo ningeomba msomaji atumie muda wake mwingi. Kila siku, ikiwezekana wakati mmoja na mahali pamoja, mtoto wa mbwa aguswe kwa upole kuanzia sehemu asizozionea shaka, yaani kifua na mabega, kisha mgongo, tumbo, mkia, na mwisho kabisa miguu, masikio na mdomo. Mguso utangulie, chakula kifuate mara moja. Utaratibu huo ukipinduliwa, yaani akionyeshwa chakula kwanza ndipo aguswe, ataanza kukitilia shaka chakula chenyewe. Kipande cha kuku wa kuchemsha, au cha samaki asiye na miba wala chumvi, chenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kinatosha. Brashi laini ya mpira au chanuo vianze kwa kuwekwa tu chini avinuse, kisha vipitishwe mara moja mgongoni kufuata ulalo wa manyoya, na kazi iishie hapo kwa siku hiyo.

Ukaguzi huu wa kila siku una faida nyingine inayouhalalisha hata kwa mtu asiyejali mambo ya mafunzo. Kupe wa Pwani hawangoji siku ya kuoga: hujificha ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya ukosi na kwapani, na yule wa rangi ya kahawia anayependa mbwa huambukiza ugonjwa wa damu unaomdhoofisha mnyama polepole kabla ya mwenyewe kugundua. Kupe ang'olewe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe moja kwa moja, bila kupakwa mafuta ya taa wala kuchomwa moto. Katika viwanja vya mchanga mkavu, ambavyo tunavyo tele, zitazamwe pia nyayo, maana funza huingia hapo na kuonekana kama kivimbe cheupe chenye doa jeusi katikati. Mbwa mwenye funza hukataa kushikwa miguu kwa sababu inamuuma, na kumhukumu kuwa ni mkaidi ni kumdhulumu. Atibiwe kwanza, mafunzo yatafuata.

Mwenye mbwa hana budi pia kuzijua dalili za woga mapema, kabla hazijafika kwenye kunguruma. Mbwa anayejiramba midomo ilhali hakuna chakula, anayepiga miayo bila usingizi, anayegeuza uso huku weupe wa macho ukionekana, aliyelaza masikio na kuufyata mkia, au aliyeganda kimya kabisa, anasema kwamba yamemzidi. Kuganda ndiko kunakotudanganya zaidi, kwa kuwa watu husema mbwa ametulia. Kipimo chepesi ni chakula: akikataa kile anachokipenda siku zote, basi hatua ilikuwa kubwa mno, na inafaa kurudi nyuma kwenye ile aliyoiweza. Kumkaripia kwa sababu ya kunguruma hakuondoi woga, bali humfundisha asitoe onyo kabla ya kuuma.

Karai nalo lizoeshwe likiwa kavu. Liwekwe uani siku kadhaa, atiliwe chakula ndani yake, aingie na kutoka kwa hiari yake. Chini litandikwe leso kuukuu au taulo, kwa sababu kinachowatisha watoto wengi wa mbwa kuliko hata maji ni kuteleza kwa miguu juu ya plastiki. Akishazoea hapo, leso iloweshwe; akiizoea, yatiwe maji ya kina cha kidole; na kopo la kumwagia lisikike likichota na kumimina kando yake kabla halijamgusa. Mpira wa maji wenye kasi, hasa ule unaotumiwa kuoshea gari, usitumike kabisa kwa mbwa wa namna hii.

Maji yenyewe yanataka mipango. Yale ya mfereji yanayotoka Baricho, kwenye chanzo cha maji kando ya Mto Sabaki, hukatika, na ya visima vingi vya mjini yana chumvi, sabuni haitoi povu vizuri na mabaki yake hubaki kwenye manyoya na kuwasha. Ndoo za maji matamu zijazwe mapema, zitoshe kusuuza mara mbili, ili asije akaachwa ametapakaa sabuni huku mtu akizunguka kwa majirani. Yeyote mwenye tangi jeusi juu ya paa anajua kwamba maji ya kwanza kutoka adhuhuri huweza kuunguza. Yajaribiwe kwa kiwiko, yawe karibu na joto la mwili, nyuzi 37 au 38 hivi. Kuhusu bahari, naelewa kishawishi cha kumpeleka huko na kumaliza kazi bure, lakini mawimbi humtisha, maji ya chumvi akiyanywa humharisha, na hata hivyo itabidi asuuzwe kwa maji matamu nyumbani.

Sabuni ya mche, ya unga na ya vyombo zote ni kali kwa ngozi ya mbwa, ambayo haina asidi kama ya binadamu. Itafutwe shampuu ya mbwa katika duka la dawa za mifugo, izimuliwe kwa maji kabla ya kupakwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, ambayo baadhi ya watu huikadiria kwa kifuniko cha chupa, huweza kumuua mtoto wa mbwa. Kiasi na umri wa kutumia dawa yoyote ya kupe viamuliwe na daktari wa mifugo. Na kwa kuwa nyumba zetu hazikosi paka, ijulikane kwamba dawa za mbwa zenye permethrini, kemikali ya kuulia kupe na viroboto, ni sumu kwao, hata kwa kulala karibu na mbwa ambaye hajakauka.

Katika nyumba za Waislamu, ambazo kwa wingi zafuata madhehebu ya Shafii, suala la najisi lipangiwe mapema ili mwogeshaji asifanye kazi kwa wasiwasi, maana mbwa huuhisi wasiwasi huo. Ziwepo nguo maalumu za kazi hiyo, karai, kopo na taulo visivyotumiwa kwa jambo jingine, mahali palipo mbali na kamba ya kuanikia nguo za sala, na njia ya maji isiyopita mlangoni. Udongo safi uwekwe tayari kwa ajili ya kuosha kilichonajisika mara saba, moja kati yake kwa udongo. Mwenye swali zaidi amuulize shekhe wake.

Kucha na masikio visiunganishwe na siku ya kuoga mwanzoni. Kucha zikatwe ncha tu, kwa kuwa ndani mna nyama yenye damu isiyoonekana katika kucha nyeusi, na unga wa ngano uwe karibu wa kuzuia damu. Sikio lifutwe pale jicho linapofika, bila kijiti.

Siku yenyewe ichaguliwe isiyo na upepo mkali, mnamo saa nne asubuhi, ili akauke kabla ya jioni. Katika miezi ya kusi na mvua ni afadhali kuahirisha. Wawepo watu wawili, mmoja wa kuosha na mmoja wa kulisha, na watoto wa jirani waombwe warudi baadaye. Maji yaanzie miguuni na kupanda mgongoni, na uso ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Akianza kutetemeka au kukataa chakula, asuuzwe haraka, akaushwe, na kazi iishie hapo, hata kama ni nusu yake tu iliyooshwa. Kwa mbwa wa kawaida asiye na ugonjwa wa ngozi, mara moja kwa mwezi yatosha. Na akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo, ijapokuwa meno ni madogo na mbwa ni wa nyumbani, hasa ikiwa mbwa huyo hajachanjwa.