Kuchagua Chuo na Kuomba Shahada ya Mambo ya Fedha Tanzania: Mwongozo kwa Mwombaji

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mhitimu wa kidato cha sita au wa stashahada anayetaka kufanya kazi za fedha nchini Tanzania, iwe ni katika benki, ofisi ya ukaguzi wa hesabu, kampuni ya bima, mfuko wa hifadhi ya jamii au udalali wa hisa. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018, mwombaji hutuma maombi yake moja kwa moja katika chuo anachokitaka, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) imebaki na kazi ya kuweka vigezo, kuhakiki majina ya waliochaguliwa na kusimamia ratiba. Utaratibu huo unamwachia mwombaji uhuru mkubwa wa kuchagua, lakini pia unamwachia kazi ya kuchunguza, ambayo wengi huiruka na kukimbilia kujaza fomu.

Hatua ya kwanza: kuamua kazi kabla ya kuchagua chuo

Neno "fedha" katika majina ya shahada hufunika kazi zisizofanana. Shahada ya uhasibu humwandaa mtu kutunza, kuandaa na kukagua hesabu. Shahada ya fedha hujikita katika uwekezaji, thamani ya mali, mitaji na vihatarishi. Shahada ya benki na fedha hutazama zaidi mikopo, amana na uendeshaji wa benki. Shahada ya bima hushughulikia vihatarishi na madai. Shahada ya kodi humwelekeza mhitimu upande wa mamlaka ya mapato na washauri wa kodi. Na sayansi ya aktuaria, yaani hisabati za bima na pensheni, ni ya mtu anayeipenda hisabati kwa dhati na aliyeisoma kwa kina kidato cha tano na cha sita. Mwombaji asiyejua tofauti hizi huishia kuchagua jina linalovutia, kisha mwaka wa tatu akagundua kwamba tangazo la kazi analolitamani linataka shahada nyingine.

Njia ya uhakika zaidi ya kujua soko linataka nini ni kusoma matangazo ya kazi yenyewe. Mwombaji afungue matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na ya benki mbili tatu kubwa, kisha aandike pembeni sifa zinazotajwa. Ataona jambo moja ambalo wanafunzi wengi hulifahamu wakiwa wamechelewa: katika utumishi wa umma, nafasi ya Afisa Hesabu huombwa na mwenye shahada, ilhali nafasi ya Mhasibu hudai pamoja na shahada cheti cha CPA(T), yaani cheti cha mhasibu wa kitaalamu aliyethibitishwa, kinachotolewa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 33 ya mwaka 1972. Kwa maneno mengine, kwa anayelenga uhasibu au ukaguzi, shahada ni nusu ya safari, na nusu ya pili ni mitihani ya bodi.

Hapo ndipo uchaguzi wa shahada unapokuwa na uzito wa shilingi na miaka. NBAA humruhusu mwenye shahada ya uhasibu inayokubalika kuanza mitihani katika ngazi ya juu kuliko yule mwenye shahada isiyo ya uhasibu, na kwa hiyo mtu anayetaka CPA lakini akasoma shahada iliyo mbali na uhasibu hujiongezea masomo, ada za mitihani na muda. Kabla ya kuomba, inafaa kuiuliza bodi yenyewe, kwa kutaja jina kamili la shahada na la chuo, kwamba mhitimu wake huanzia ngazi gani. Anayelenga uchambuzi wa uwekezaji, kwa mfano katika kampuni zinazouza na kununua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambalo lilianza biashara mwaka 1998, atakutana zaidi na CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji. Hicho kina mitihani ya ngazi tatu, na mwanafunzi wa shahada anaweza kufanya mtihani wa ngazi ya kwanza akiwa amebakiza miezi isiyozidi 23 kuhitimu, bila kujali kama shahada yake ni ya fedha, uchumi au hisabati. Kwa mtu wa njia hii, wingi wa takwimu na hisabati katika mtaala una maana kuliko jina la shahada. Wa benki naye ana cheti chake cha kitaalamu kinachotolewa na Tanzania Institute of Bankers (TIOB).

Hatua ya pili: kuhakiki chuo na programu

TCU hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili wa shahada ya kwanza, kimoja kwa wenye sifa za kidato cha sita na kingine kwa wenye stashahada. Kitabu hicho kinapatikana bure katika tovuti ya tume, na ndani yake kila programu imeandikwa pamoja na msimbo wake, muda wa masomo, idadi ya nafasi na sifa maalumu za kujiunga. Kama programu haimo katika kitabu cha mwaka husika, mwombaji asiiombe, hata kama bango lake barabarani linang'aa kiasi gani.

Wazazi wengi huuliza kama shahada ya chuo ambacho si "chuo kikuu" ina uzito sawa. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa vyuo kadhaa vinavyojulikana sana kwa masomo ya fedha si vyuo vikuu kisheria. Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, Chuo cha Uhasibu Arusha (IAA), Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) na Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) kilichoanza mwaka 1965, vyote viko chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Hata hivyo shahada zao zimo katika kitabu cha TCU, zinatambulika, na ofisi za fedha nchini zimejaa wahitimu wao. Upande wa vyuo vikuu kuna Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Mzumbe kilichopo Morogoro, na vingine vya umma na binafsi. Zanzibar, Chuo Kikuu cha Taifa (SUZA) hufundisha biashara katika kampasi ya Chwaka, palipokuwa na chuo cha uongozi wa fedha.

Baada ya uhalali, mwombaji alinganishe mitaala. Aangalie kama hisabati na takwimu zinafundishwa kwa mihula mingapi, kama kuna somo la uchambuzi wa taarifa za fedha kwa kutumia kompyuta, na kama mafunzo kwa vitendo yamo ndani ya programu au yameachwa kwa juhudi za mwanafunzi mwenyewe. Aangalie pia ni kampasi ipi inayofundisha programu hiyo, kwa sababu chuo kimoja kinaweza kuwa na kampasi katika mikoa mitano, na jina la makao makuu lisimfanye mtu apange kuishi Dar es Salaam kumbe masomo yako Singida au Mwanza. Kwa maoni yangu, mahali chuo kilipo kina faida halisi kwa mtu wa fedha, kwa kuwa benki, kampuni za ukaguzi na madalali wa hisa wengi wako Dar es Salaam na nafasi za mafunzo kwa vitendo hupatikana huko kwa urahisi zaidi. Lakini gharama ya chumba na nauli ya kila siku inaweza kuifuta faida hiyo kwa familia yenye kipato kidogo, na mwanafunzi wa Mzumbe bado anaweza kuja Dar es Salaam kwa mafunzo hayo wakati wa likizo.

Hatua ya tatu: kupima sifa

Kiwango cha chini cha jumla kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu mkuu (principal pass) katika masomo mawili wenye jumla ya pointi 4.0, kwa hesabu ya A=5, B=4, C=3, D=2 na E=1; waliomaliza mwaka 2014 na 2015 wana hesabu yao tofauti kutokana na mfumo wa alama uliotumika wakati huo. Kwa mwenye stashahada, kinachotakiwa kwa kawaida ni wastani wa GPA usiopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne kwa alama D au zaidi.

Hicho ni kiwango cha chini cha nchi. Programu za fedha mara nyingi huongeza sharti la hisabati: asiye na ufaulu mkuu wa hisabati hutakiwa awe na ufaulu mdogo (subsidiary pass) wa hisabati tumizi ya kidato cha sita, au alama fulani ya hisabati ya kidato cha nne. Mwenye tahasusi ya ECA (uchumi, biashara na uhasibu) au EGM (uchumi, jiografia na hisabati) huwa hana shida kubwa, lakini wa HGE (historia, jiografia na uchumi) au CBG (kemia, biolojia na jiografia) asome sharti hilo neno kwa neno. Ikumbukwe pia kwamba kufikia sifa si kuchaguliwa; programu yenye nafasi chache na waombaji wengi huchukua wenye alama za juu, kwa hiyo ni busara kuomba programu moja ya matumaini, mbili zinazolingana na alama, na moja ambayo alama za mwombaji zinaizidi.

Hatua ya nne: kuandaa nyaraka

Mwombaji awe na namba zake za mtihani za kidato cha nne na cha sita, zikiwa na mwaka. Aliyerudia mitihani ataje vikao vyote. Mwenye stashahada aombe NACTVET namba ya uhakiki wa tuzo, maarufu kama AVN, mapema, kwa kuwa bila namba hiyo mfumo wa chuo hautasoma matokeo yake. Aliyesoma sekondari nje ya nchi apeleke vyeti Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) vikapatiwe ulinganifu, na mwenye stashahada ya nje aende NACTVET. Majina katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa yafanane; yasipofanana, atafute hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa.

Vijana wengi huwa katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria wakati matokeo yanapotoka na dirisha linapofunguliwa, ambapo kwa miaka ya karibuni imekuwa mara nyingi mwezi Julai. Basi kabla ya kuondoka nyumbani, kijana amwachie mzazi au ndugu anayemwamini nakala za nyaraka, orodha ya programu kwa mpangilio wa mapenzi yake, na laini ya simu itakayobaki hewani.

Hatua ya tano: kutuma maombi

Mwombaji afungue akaunti katika mfumo wa udahili wa kila chuo, ajaze taarifa, apate namba ya malipo ya serikali au ya chuo, alipe ada ya maombi kwa simu au benki, kisha arudi kuchagua programu. Wengi hulipa na kudhani wamemaliza. Maombi hayajakamilika mpaka programu zichaguliwe na mfumo uonyeshe kwamba yamepokelewa. Nywila na barua pepe zihifadhiwe, na namba ya simu iwe ya mwombaji au ya mzazi, kamwe isiwe ya mwenye duka la intaneti.

Hatua ya sita: kuomba mkopo bila kusubiri majibu

Maombi ya mkopo hupelekwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, na dirisha lake huendelea sambamba na lile la udahili. Cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, lazima vihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa Tanzania Bara, au na wakala wa usajili wa matukio ya kijamii kwa Zanzibar. Fomu husainiwa na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu, na ukurasa mmoja usio na saini unatosha kuyakwamisha maombi yote. Namba ya mtihani wa kidato cha nne iliyotumika kuomba chuo ndiyo itumike kuomba mkopo. Vipaumbele vya kozi hutangazwa katika mwongozo wa kila mwaka, hivyo anayetegemea mkopo asome kozi za fedha zimewekwa kundi gani kabla ya kuchagua chuo chenye ada kubwa. Mkopo hurejeshwa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Hatua ya saba: kuthibitisha nafasi

Majina yakitoka, aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hupokea namba maalumu ya siri kwa ujumbe mfupi wa simu, ambayo ataiingiza katika akaunti ya chuo kimoja tu ndani ya muda uliotangazwa. Akiuacha muda upite, anaweza kupoteza nafasi zote. Namba hiyo asimpe mtu mwingine, kwani wapo wanaothibitishiwa chuo wasichokitaka na watu waliojitolea "kuwasaidia". Ambaye hakuchaguliwa hurudia katika awamu inayofuata, akiangalia kwanza programu zilizobaki na nafasi.

Siku ya kuripoti, aende na vyeti halisi pamoja na nakala, fomu ya afya iliyojazwa na daktari, na stakabadhi ya ada. Anayelenga CPA aulize mapema ofisi ya mitihani ya chuo chake ni lini anaweza kujisajili NBAA kama mtahiniwa, kwa kuwa mitihani ya bodi hufanyika Mei na Novemba, na mwezi wa Mei huwa karibu sana na mitihani ya muhula wa pili katika vyuo vingi.