Kisima cha mchangani: maji ya mifugo korongo likikauka

Wadau, Lushoto juu kuna ukungu, lakini teremkeni Mng'aro na Mnazi kuelekea bonde la Umba mwone: mvua zimeishia mlimani. Hata hivyo korongo likikauka juu, maji huwa bado yapo ndani ya mchanga, jua haliyafikii.

Kwanza hesabu. Ng'ombe mmoja kwenye joto hili mwekee lita 40 kwa siku, mbuzi lita 5. Ng'ombe 30 ni lita 1,200, yaani ndoo 60 za lita 20. Kama hamna mikono ya kuvuta ndoo 60 kila siku, punguzeni mifugo kabla ya kuchimba.

Mahali: tafuta mwamba unaokatisha korongo, uchimbe upande wake wa juu, maana maji yanayoteremka chini ya mchanga hugota pale. Mkuyu ulio na majani mabichi wakati wa ukame nao ni shahidi. Chomeka nondo, ikitoka na mchanga uliolowa, anza.

Chimbeni mwishoni mwa kiangazi, kabla ya vuli, maji yakiwa chini kabisa.

Hapa nawasihi. Kijana wetu alifukiwa hadi kifuani kwenye shimo la mita mbili tu. Tulimfukua kwa mikono, tukiogopa kumkata na koleo. Tangu siku ile sichimbi bila pete za zege: mchimbaji anachota mchanga akiwa ndani, pete inazama yenyewe, mnapachika nyingine juu. Na mtu asichimbe peke yake kamwe.

Birika la kunyweshea likae mbali. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Ng'ombe akinywea kisimani, kinyesi chake mtakinywa nyinyi.

MASWALI

Mama Mbuzi, Mkinga: Shikamoo mzee. Kisima changu kina chumvi.
Jibu: Marahaba mwanangu. Jaribu kuchimba kingine juu zaidi ya korongo. Hayo ya sasa usiwape ndama wala wanaonyonyesha.

Mfugaji wa Handeni: Mkuu, si bora lambo?
Jibu: Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ndiyo. Mchangani lambo halishiki maji.

Mfugaji wa Handeni: Na mafuriko ya masika hayatakifukia?
Jibu: Yatakifukia. Weka mfuniko wa zege, kisha hesabu hatua kutoka mti mkubwa wa ukingoni hadi kisimani, uziandike. Maji yakipita, unahesabu tena na kufukua.