Somo: Kushuti ufukweni wakati wa vuli bila kupoteza siku

Ndugu zangu, vuli imeingia na wengi wenu mnajiandaa kushuti filamu Bagamoyo, Kigamboni na Pangani kwa fedha za mfukoni. Anayeumizwa na mvua ni yule asiye na hela ya kurudi kesho, kwa hiyo someni taratibu.

Hatua ya 1: Sini ya akiba. Kila siku ya kushuti nje iwe na sini moja ya ndani, yenye waigizaji walewale, jirani na hapohapo mlipo. Mvua ikishuka, mnahamia barazani na kazi inaendelea. Nyumba iombeni siku moja kabla, kwa adabu. Msimbishie mtu hodi mkiwa kumi na wawili mmelowa.

Hatua ya 2: Maji. Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ufuo mzima unaweza kumezwa. Bagamoyo nilianza sini ya mke akimuaga mvuvi saa kumi jioni, mchanga mkavu, mashua imelalia ubavu. Tulipofika kwenye picha ya karibu ya uso wa mke, mashua inaelea na khanga yake imelowa hadi magotini. Picha hazikuungana, na sini ile niliilia. Tangu hapo napiga picha zote za mbali kwanza. Nyuso nazimalizia mchanga wa juu, nyuma yao mnazi. Saa za maji nawauliza wavuvi wa palepale.

Hatua ya 3: Kamera. Ukitoka kwenye kiyoyozi, lenzi hushika ukungu. Usiifute wala kuifungua. Iache ndani ya begi lililofungwa, nusu saa, ipate joto polepole.

Hatua ya 4: Ardhi. Mlianza pakiwa pamelowa, jua likatoka? Mwageni ndoo za maji. Mlianza pakavu, ikanyesha? Bana fremu, miguu isionekane.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mvua juu ya bati imemeza maneno yote. Nifanyeje?*
Marahaba. Ikikatika tu, waketishe waigizaji chumbani, tundika mablanketi, wayarudie maneno mkirekodi sauti tu, kabla hawajavua nguo za sini. Na ile mvua yenyewe irekodi peke yake dakika nzima, utaihitaji kwenye uhariri.

*Kibali chetu kimetaja ufukwe mmoja. Tukihama je?*
Unapoomba Bodi ya Filamu, orodhesha na lokesheni za akiba tangu mwanzo. Serikali ya mtaa nako pitia, kote kuwili.

*Kaka, mwanga wa machweo unatuponyoka kila siku.*
Tuko karibu na ikweta, jua likizama giza halikawii. Fanyeni mazoezi ya sini hiyo mchana, palepale, kila mtu ajue atakaposimama. Saa kumi na moja kamera iwe imeshasimikwa, na pasiwe na anayetafuta betri.