Jinsi ya kuomba kitambulisho cha ulemavu Ufilipino

Kitambulisho hiki, kinachompa mwenye ulemavu punguzo la bei dukani na mgahawani, hutolewa na serikali ya mji au manispaa anakoishi mwombaji, na hakilipiwi. Nenda PDAO, ofisi ya masuala ya watu wenye ulemavu. Ikiwa manispaa haina, hamia ofisi ya ustawi wa jamii. Ni haki ya raia wa Ufilipino tu. Mkenya au Mtanzania anayeishi Manila hakimhusu, ila mtoto aliyezaa na Mfilipino ni raia, na anaweza kuombewa.

Chukua fomu ya usajili ya Wizara ya Afya, uijaze, kisha uambatanishe picha mbili za ukubwa wa inchi 1 × 1 na nakala ya kitambulisho kingine. Nyuma ya kila picha andika jina na utie sahihi.

Kazi iko kwenye cheti cha daktari. Aliyekatwa mguu hasumbuliwi sana, lakini mwenye ulemavu usioonekana kwa macho, mfano ugonjwa wa akili au saratani, asitoke nyumbani bila cheti. Mwonyeshe daktari fomu yenyewe ili aandike aina ya ulemavu kama ilivyo pale. Cheti kinachotaja dawa na vipimo tu kitakurudisha kwenye foleni.

Ukipewa kadi, usiondoke bado. Omba na kijitabu cha kununulia dawa, kisha uliza kama namba yako imeshaingizwa kwenye daftari la taifa la Wizara ya Afya. Kadi bandia zimezagaa, kwa hiyo wenye maduka na migahawa huitafuta namba mtandaoni. Isipoonekana, utabaki kubishana kaunta na chakula kinapoa.

Punguzo ni asilimia 20, na kodi ya VAT ya asilimia 12 huondolewa kwanza. Chakula cha peso 560 hushuka hadi 500 bila kodi, kisha unalipa 400. Punguzo ni la sahani yako, si la meza nzima, na halijumlishwi na lile la wazee wa miaka 60 na kuendelea: chagua moja.

Ukinyimwa punguzo, mwite meneja. Akishikilia msimamo, chukua risiti uipeleke PDAO. Chini ya sheria namba 9442 ya mwaka 2007, kosa la kwanza lina faini ya kati ya peso 50,000 na 100,000, au kifungo cha miezi sita hadi miaka miwili.