Kiuno kinachouma hadi mguuni: namna ya kuitumia tiba ya sindano za Kichina

Tiba ya sindano, au akyupancha, hutumika zaidi kwa maumivu yaliyokaa miezi mitatu na kuendelea: kiuno, shingo, goti lililosagika, kipandauso. Hapa tunashika tatizo moja, kiuno kinachouma na kushuka hadi mguuni (siatika), kwa sababu ndilo ambalo kuanza vibaya kunaweza kumgharimu mtu mguu.

Anza na vipimo. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukifa ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, au wayo ukiburuta kwa sababu hauwezi kuunyanyua, nenda hospitali siku hiyohiyo. Neva, yaani mshipa wa fahamu, iliyobanwa kiasi hicho ikicheleweshwa huenda isipone tena. Maumivu ya mgongo yanayokuja na homa, jasho la usiku na kukonda yapimwe TB ya uti wa mgongo. Aliyewahi kuugua saratani naye apimwe kwanza. Sindano inaweza kutuliza maumivu hayo kwa siku chache, na utulivu huo ndio unaomchelewesha mgonjwa.

Siatika mara nyingi hutokana na diski, ule mto laini ulio kati ya pingili za mgongo, inapotokeza na kubana neva. Sindano hairudishi diski iliyotokeza. Kazi yake ni kuamsha neva, ili ubongo na uti wa mgongo vitoe kemikali za kutuliza maumivu, na kulegeza misuli iliyokaza. Diski nyingi hunywea zenyewe kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo unachonunua ni nafuu ya kukuwezesha kutembea na kufanya mazoezi wakati mwili unajitengeneza.

Mtoa huduma na sindano zake

Madaktari kutoka China wamekuwa wakihudumu Zanzibar tangu 1964, lakini si kila anayetumia jina la Kichina amesomea kazi hii. Kwa Tanzania, mtaalamu na kituo chake wanatakiwa wawe wamesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Omba kuona cheti. Mwambie kama una mimba, unatumia dawa za kuyeyusha damu kama warfarin, una kifaa cha kuendesha moyo au una kisukari.

Sindano ya kiuno huwa na unene wa milimita 0.25 hadi 0.30 na urefu wa 40. Ya kwenye makalio, ambako nyama ni nene, hufika 75. Haina tundu wala dawa ndani. Pakiti ifunguliwe mbele yako, ikiwa haijachanika, haijalowa na tarehe yake haijapita. Sindano iliyofutwa kwa spiriti ili itumike tena ikatae bila aibu: virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili siku saba. Ukitaka kupigwa chuku ya kutoa damu siku hiyohiyo, wembe nao uwe mpya.

Kitandani

Kula saa moja au mbili kabla, vaa nguo pana, nenda haja ndogo, kisha lala kifudifudi. Mtaalamu atapapasa ukingo wa juu wa mifupa ya nyonga kuitafuta pingili ya nne ya kiuno, halafu apime upana wa vidole viwili kutoka katikati ya mgongo, na hapo ndipo sindano huingia. Nukta nyingine za siatika ni Huantiao kwenye makalio, Weizhong katikati ya mkunjo wa nyuma ya goti, na Yanglingquan, chini kidogo ya kifundo cha mfupa kilicho upande wa nje wa goti. Nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa wa damu, hivyo pale haizamishwi sana.

Sindano hukaa ndani ya kijibomba cha plastiki, kichwa chake kikichungulia juu. Hugongwa kwa kidole mara moja, nawe unasikia kama umeng'atwa na sisimizi. Kisha kijibomba huondolewa na sindano husukumwa taratibu. Ikifika panapotakiwa utasikia uzito, kujaa au uchovu ndani ya nyama. Wachina huiita deqi. Ukisikia umeme mkali ukishuka hadi vidoleni, sema hapohapo: imegusa neva na inatakiwa irudishwe nyuma kidogo. Zikishaingia zote, lala bila kujigeuza dakika 20 hadi 30.

Ukijigeuza, msuli hubana na sindano hunasa. Isivutwe kwa nguvu. Mtaalamu asubiri, apapase nyama ya jirani mpaka ilegee. Ukisikia kichefuchefu, jasho la baridi na macho kuingia giza, sindano zote zitolewe, ulazwe chali miguu ikiwa juu, upewe kitu cha sukari. Wanaopatwa hivi mara nyingi ni wenye njaa au hofu ya mara ya kwanza. Alama ya kuvia damu na uchovu wa siku moja au mbili ni kawaida. Lakini ukichomwa begani, kifuani au mgongo wa juu, kisha pumzi ikakata au kifua kikachoma, hata baada ya saa kadhaa, wahi hospitali: huenda pafu limetobolewa.

Mara ngapi, na lini uache

Nenda mara moja au mbili kwa wiki. Kila jioni andika maumivu kwa namba, 0 hadi 10, pamoja na dakika ulizotembea bila kusimama. Baada ya mara sita, kama namba haijashuka hata mbili na mwendo ni uleule, acha na urudi kwa daktari. Bima ya Medicare ya Marekani, iliyoanza kulipia sindano kwa kiuno sugu 2020, hufuata njia kama hii: mara 12 ndani ya siku 90, na 8 zaidi kwa anayepata nafuu tu. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Madaktari wa Marekani waliiweka kwenye mwongozo wa kiuno 2017, wakati mwongozo wa Uingereza wa 2016 uliikataa, maana tofauti kati ya sindano halisi na ya kuigiza (isiyochomwa kweli, au isiyochomwa mahali pake) ni ndogo.

Kwa miguu inayowaka moto au kufa ganzi kwa sababu ya kisukari, ushahidi ni hafifu zaidi. Sukari ndiyo ya kushughulikia kwanza, na anayetumia metformin, dawa ya kisukari, miaka mingi apimwe vitamini B12, kwani dawa hiyo huweza kuipunguza na upungufu wake nao huleta ganzi. Mwenye ganzi asikubali kuwekewa moksa, yale majani yanayowashwa karibu na ngozi, kwenye wayo. Ataungua bila kusikia, na atakuja kugundua kidonda kikiwa tayari kimeoza.