Jinsi ya kuomba nafasi ya uzamili wa imunolojia Makerere

Shahada inayozungumziwa hapa ni ya Uzamili wa Sayansi katika Imunolojia (elimu ya kinga ya mwili) na Mikrobaiolojia ya Kitabibu, ya miaka miwili, inayosomeshwa na Chuo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kule Mulago mjini Kampala. Kujaza fomu ni kazi ya jioni moja. Kinachokula miezi ni karatasi, kwa hiyo anza na karatasi hata kabla ya tangazo la maombi kutoka.

Tandaza vyeti vyote mezani: UCE na UACE (vyeti vya sekondari vya Uganda, vya kidato cha nne na cha sita), shahada, transkripti na kitambulisho cha taifa. Soma jina herufi kwa herufi. Majina yakibadilishana nafasi si neno, lakini "Zainabu" huku na "Zainab Musa" kule huzua swali. Tofauti ndogo huponywa na hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Ukiwa umebadili jina kabisa, unahitaji hati rasmi ya kubadili jina. Fanya hivyo sasa, si wiki ya mwisho.

Waliosoma Nairobi, Dodoma au Goma wana kazi ya ziada, na hapa wengi hupotea njia. Vyeti vya sekondari vya nje hupelekwa UNEB, Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda, lithibitishe vinalingana na vyeti gani vya hapa. Shahada ya nje hupelekwa kwa kazi hiyohiyo Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Ni ofisi mbili tofauti, na kupeleka shahada UNEB ni kupoteza nauli. Karatasi za Kifaransa zitafsiriwe kwanza kwa Kiingereza na mtafsiri anayetambulika.

Dirisha la maombi likifunguliwa, ingia apply.mak.ac.ug na ujisajili kwa barua pepe na namba ya simu unayoitumia mwenyewe. Ya mtu wa kafe haifai, maana nywila na majibu huja huko. Chagua mpango wa uzamili, siyo wa shahada ya kwanza. Pandisha vyeti vikiwa PDF. Skani iliyopigwa kwa simu chini ya taa ya njano huficha muhuri, na muhuri ndio unaotafutwa.

Kisha toa namba ya malipo ndani ya mfumo wenyewe na ulipe kwayo, benki au kwa pesa za simu. Ada ya maombi imekuwa shilingi 50,000 kwa raia wa Afrika Mashariki na dola 75 kwa wengine, lakini hakikisha kwenye tangazo la mwaka wako. Hairudishwi. Baada ya kulipa, rudi kwenye akaunti uone kama malipo yameingia na fomu imewasilishwa kweli. Kuna wanaolipa na kulala, fomu ikabaki rasimu. Na atakayekupigia simu akidai ana nafasi ya kuuza, mkatie.

Ukitakiwa kueleza utafiti unaokusudia, hapo ndipo pa kutumia akili zako zote. "Nataka kuchunguza kinga ya mwili na malaria" haisemi kitu. Sema ni seli zipi, za nani, zitapimwa kwa mashine gani na iko wapi. Soma kwanza yaliyokwisha kufanyika hapa nyumbani. Kwa mfano, utafiti wa mama na mtoto wa Entebbe ulisajili wajawazito 2,507 kuanzia 2003, ukaona kwamba kumpa mama dawa ya minyoo akiwa mjamzito hakukubadili jinsi mtoto anavyoitikia chanjo. Ukileta swali hilohilo bila kulitaja, msomaji anajua hukusoma.

Piga pia hesabu ya damu. Mililita moja hutoa takriban seli nyeupe za kupimia milioni 1 hadi 2, na mtoto mchanga hatolewi mililita 20. Seli hizo zinatakiwa zitenganishwe ndani ya saa chache. Zikichelewa hadi kesho yake, baadhi hufa na zilizobaki huweza kuitikia ovyo, kwa hiyo unapima safari badala ya ugonjwa. Sampuli za Moroto, kaskazini-mashariki mwa Uganda, zikisubiri basi la Kampala huweza kuharibika. Andika basi kwamba utazitenganisha hukohuko na kuzigandisha, kisha zisafiri kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kama unachohitaji ni kingamwili tu, afadhali: seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, huvumilia friza ya kawaida ya maabara, na bajeti hushuka sana.

Ukipata nafasi, njoo kujiandikisha na vyeti halisi, siyo nakala. Utafiti wako utapita kwenye kamati ya maadili kisha usajiliwe UNCST, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda. Tenga miezi kadhaa kwa hatua hizo mbili kwenye ratiba yako, kwani damu haichukuliwi kabla ya vibali vyote kutoka.